Ukuta wa Pujini na Tangi la Maji: Historia ya Kusitiri Vyombo vya Nyumba Kisiwani Pemba



Bibi harusi wa siku hizi akiingia nyumbani kwake hukuta vitu ambavyo bibi yake hakuvikuta. Tangi jeusi la maji limesimama juu ya mnara wa matofali. Pampu imekaa kando ya kisima na nyaya zake. Mtungi wa gesi uko nje ya dirisha la jiko, mita ya umeme iko ukutani, dishi la televisheni limeelekea mbinguni, na katikati ya ua upo mfuniko wa karo la choo. Maua ameshapanda na mkeka wa kupumzikia jioni anao, lakini kila akigeuza uso anakutana na bomba. Ndipo swali linapokuja: nivifiche vipi vitu hivi ili ua wangu upendeze?

Swali ni la leo, lakini jambo lenyewe ni la zamani sana hapa kwetu. Watu wa pwani wamekuwa wakisitiri maji yao, vyoo vyao na majiko yao kwa mamia ya miaka. Walikuwa na kanuni zao, na baadhi ya kanuni hizo zina faida mpaka leo. Mengine yalikuwa makosa, na yaligharimu roho za watu. Tuyaangalie yote mawili kabla hatujaenda kununua miche.

Kisima chenye ukuta

Ukitoka Chake Chake kuelekea kusini mashariki utafika Pujini. Hapo pana magofu ya boma lililojengwa karne ya 15, na wenyeji wanalinasibisha na mtawala anayeitwa Mkame Ndume. Jina hilo limebaki midomoni mwa watu kwa sababu ya ukali wake: ni mtu aliyewakamua wanaume wenzake kwa kazi. Wanaakiolojia wamechimba hapo, na boma lile linajulikana kama mojawapo ya ngome chache za kale za Waswahili zilizojengwa kabla ya Wareno kufika.

Kwa sisi wanawake, kitu cha kutazama Pujini ni kisima. Masimulizi yanasema Mkame Ndume alikuwa na wake wawili ambao hawakutakiwa kukutana. Kwa hiyo mahali pa kuteka maji paligawanywa kwa ukuta. Mke mmoja aliteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, na mwenzake alishuka kwa ngazi mpaka kwenye maji. Kila mmoja alikuja kwa njia yake, akateka, akarudi.

Wengi husimuliwa habari hii kama kichekesho cha wivu wa wake wenza. Lakini ukiisikiliza kwa makini utaona ina jambo jingine. Ukuta ule haukumzuia yeyote kupata maji. Ulimzuia mtu kutazamwa wakati anapoteka. Kilichositiriwa pale ni mtu, wala si kisima. Kisima kilibaki wazi, kinafikika, kina ngazi na kina kamba. Habari hiyo iwe imetokea kama inavyosimuliwa au isiwe, wazee walioihifadhi walituhifadhia pia fikra ya namna ya kujenga: sitara njema humlinda mtumiaji na haimzibii njia.

Mawe kwa wenye nacho, makuti kwa wengine

Fikra hiyo tunaikuta pwani nzima. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji ambao uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, nyumba za mawe za wenye mali zilikuwa na vyoo vya ndani, mahali pa kutawadhia na visima vyao wenyewe. Mgeni aliyefika mlangoni hakuviona. Alikutana kwanza na uwanja mdogo wa kupokelea watu, kisha ukuta, kisha chumba kingine, na mambo ya maji yakawa nyuma kabisa.

Lamu wakaenda mbali zaidi. Ndani ya bafu za nyumba za mawe kulijengwa birika la kuhifadhia maji, na ndani ya birika wakawekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilizamishwa bakuli la kaure ili samaki wapate mahali pa kukaa maji yanapopungua. Tazama busara hiyo. Chombo cha maji kilikuwa kimefichwa ndani ya nyumba, lakini hakikusahauliwa. Mtu aliyekificha alijua kwamba maji yaliyofichwa huzaa mbu, akaweka dawa yake humo humo.

Kwa Unguja tuna ushahidi wa mwanamke mwenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Beit il Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaueleza uwanja mkubwa wa ndani wa jumba lile, na mwisho wa uwanja vyumba vya kuogea ambavyo watu wa nyumba walivitumia usiku na mchana. Vyumba hivyo vilikuwa sehemu ya maisha ya uwanja: watu walikutana huko, waliongea huko, waliswali na kupumzika karibu yake. Havikuonekana kutoka nje, lakini kwa aliye ndani havikuwa aibu.

Pemba yetu, mbali na magofu ya Pujini, Ras Mkumbuu na Chwaka, ilikuwa zaidi kisiwa cha nyumba za udongo na fito, kilichojaa mashamba. Huku sitara ilisukwa. Ua wa makuti ulizunguka nyuma ya nyumba, na ndani yake kulikuwa na jiko, mitungi ya maji, kata, kinu, majamvi ya kuanikia na choo pembeni. Makuti huchakaa, kwa hiyo ua ulisukwa upya kila baada ya muda. Wengine walipanda ua ulio hai: mhina, michongoma, na kando ya njia ya choo mchaichai na mrehani ili harufu iwe njema. Mhina ule ule uliokinga macho ya wapita njia ndio uliochumwa majani wakati mwari anapotiwa hina. Bibi zetu hawakuwa na pesa za kupanda mti wa kuficha tu. Kila kilichoficha kilikuwa na kazi ya pili.

Nani alibeba maji?

Kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi tunaposifu sitara ya nyumba za kale, na haki ni kulisema. Ili mwanamke wa nyumba ya mawe akae ndani, mtu mwingine alilazimika kutoka nje. Katika karne ya 19, kilimo cha karafuu kilipokuwa kimeenea Pemba, mtu huyo mara nyingi alikuwa mjakazi. Yeye ndiye aliyekwenda kisimani na mtungi kichwani, yeye ndiye aliyemwaga maji machafu, na yeye hakuwekewa ukuta wala pazia. Sitara ya bibi ilisimama juu ya kutokuwa na sitara kwa mwanamke mwingine.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Historia ya mavazi ya visiwa hivi inaonesha kwamba baada ya hapo wanawake waliokuwa watumwa walianza kujifunika kwa kanga na baadaye buibui, mavazi yaliyowapa hadhi waliyonyimwa kabla. Walikuwa wanadai kitu ambacho dini iliwapa tangu mwanzo. Kwa hiyo dada, ukipanga ua wako, muulize nafsi yako pia: binti anayenisaidia kazi anafulia wapi? Anaogea wapi? Ikiwa tangi limefichwa kwa maua mazuri na yeye anafua mbele ya macho ya wapita njia, tumerudi kule kule.

Kilichofichwa kikasahauliwa

Kosa kubwa la zamani lilikuwa kuvificha pamoja vitu viwili visivyopaswa kukaribiana. Ua ulikuwa mdogo, na kila kitu cha aibu au cha faragha kiliingizwa humo: kisima na choo ndani ya uzio mmoja. Juu ya ardhi ukaona usafi na utulivu, na chini ya ardhi maji machafu yakatafuta njia ya kufika kisimani.

Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar kutoka bara kupitia Pangani, kikaendelea mpaka 1870 na kuua watu wengi. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, alifuatilia njia ya maradhi hayo na kuchapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Kabla ya hapo, mwaka 1854, London ilikuwa na msiba kama huo. Daktari John Snow alionesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikunywa maji ya bomba moja la barabarani. Ilipochunguzwa baadaye ikaonekana kwamba karo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima cha bomba lile, na lilikuwa linavuja. Hakuna aliyeliona kwa sababu lilikuwa limefunikwa.

Wanavyuoni wetu walikuwa na hadhari hii kwa njia yao. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wafuatao wengi wa Pemba, maji yaliyo chini ya kulateni mbili, kiasi kinachokadiriwa kuwa karibu lita 200, hunajisika yanapoingiwa na najisi hata kama rangi, ladha na harufu hazikubadilika. Ndiyo maana mabirika ya misikiti yalijengwa makubwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha tufunike vyombo na tufunge viriba vya maji usiku. Kwa hiyo kufunika ni sunna, lakini kufunika kwa ajili ya kulinda kilichomo. Mfuniko wa tangi uliopasuka na ukafichwa nyuma ya maua hautimizi mafundisho hayo, hata ua ukipendeza namna gani.

Bomba na waya vinaingia

Mabadiliko ya vyombo yalianza kwa wafalme. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya bomba Mji Mkongwe kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Beit al-Ajaib lake, lililojengwa mwaka 1883, likawa maarufu kwa taa za umeme. Vyombo hivi vipya havikufichwa hata kidogo. Vilikuwa fahari, na watu walikuja kuvitazama. Kitu kikiwa kigeni na cha mfalme huwekwa mbele. Kikishakuwa cha kila mtu ndipo tunaanza kukionea haya.

Pemba ilisubiri. Kwa miaka mingi umeme wa kisiwa ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, nje kidogo ya Chake Chake, na ulikuwa umeme wa kubabaisha. Unguja nayo ilipata mtihani wake: kebo yake ya chini ya bahari iliharibika mwaka 2008 ikakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha ikaharibika tena Disemba 2009 na giza likaendelea kwa miezi mitatu. Ni wakati ule ambapo nyumba nyingi za Unguja zilijaza nyua zao majenereta na mapipa ya maji, maana bila umeme hata pampu za maji husimama. Kwa Pemba faraja ilikuja mwaka 2010, kebo ya kilovolti 33 ilipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa zaidi ya kilomita 70, kwa msaada wa Norway. Tangu hapo pampu, friji, na hatimaye viyoyozi vikafuata waya.

Kwenye maji, Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Bomba likafika nyumba nyingi zaidi, lakini maji hayatoki saa zote. Ndiyo sababu kila nyumba ina tangi. Tangi ni ushahidi wa mwanamke anayejua kwamba kesho bomba linaweza kukauka. Tusilichukie sana.

Halafu kuna mita ya umeme, na hapa kanuni ya zamani inarudi kutufundisha. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na pande mbili. Baraza lilikuwa la wageni na watu wa kupita. Uani kulikuwa kwa watu wa nyumba. Sura ya an-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba za watu bila ya kubisha na kutoa salamu, na mpango huu wa nyumba uliifanya amri hiyo iwe nyepesi kutekelezwa. Msoma mita alipoanza kuzungukia nyumba, mahali pake palikuwa barazani. Mita iliyowekwa uani ilimlazimisha mwanaume wa nje kupita kwenye kamba ya nguo na mlango wa bafu. Siku hizi tunanunua umeme wa Tukuza na kuingiza namba wenyewe, lakini fundi bado anakuja, mita inapogoma au waya unapoungua. Kwa hiyo kuihamishia mita uani ili uso wa nyumba upendeze ni kusitiri ukuta na kumfichua mwenye nyumba.

Tunachochukua kwa bibi zetu

Kutokana na historia hii yote, bibi harusi anaweza kupanga ua wake kwa kuuliza maswali matatu kwa kila chombo. Nani anakifikia? Kinahitaji nini ili kifanye kazi salama? Na kitakachokificha kina faida gani nyingine?

Mita na sanduku la fyuzi hufikiwa na fundi. Viache upande wa mbele. Unaweza kupaka sanduku rangi ya ukuta au kulitengenezea kilango cha mbao kinachofunguka kwa urahisi. Usipandishe asumini juu yake. Mimea hushika unyevu, na unyevu na waya si marafiki.

Mtungi wa gesi unahitaji hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa chini kama maji. Kwa hiyo usiujengee kisanduku kilichozibwa. Ujengee kivuli chenye matundu chini na juu, mbali na mlango wa karo, na usiuzungushie makuti makavu, maana ni kiberiti kinachosubiri cheche. Jenereta kama unayo, isiwashwe kamwe ndani au kwenye kibanda kilichofungwa. Moshi wake huua bila ya harufu kali ya kumwamsha aliyelala. Kiyoyozi nacho, kile kipande cha nje, kipewe nafasi ya kupumua mbele yake.

Tangi na pampu ni vya watu wa nyumba, kwa hiyo vikae uani. Uzio wa fito au mianzi wenye nafasi katikati unatosha, na mbele yake panda mhina au mchaichai. Acha mlango wa kupita mtu mwenye ndoo, na acha nafasi ya kupanda ngazi ili mfuniko ukaguliwe na tangi lisafishwe. Hiyo ndiyo ngazi ya Pujini. Tangi la lita 1,000 ni kama mara tano ya kulateni mbili, lakini wingi huo hauwi kisingizio cha kuacha mjusi afie ndani.

Karo la choo ndilo linalofichwa vibaya kuliko vyote. Wengine hulimwagia saruji au kulipandia mti, kisha siku ya kunyonywa hakuna anayekumbuka lilipo. Usipande mwembe, mfenesi wala mkungu karibu yake, kwani mizizi hufuata maji na kupasua kuta. Weka vyungu vya mrehani na asumini juu ya mfuniko, vinavyohamishika. Na kama nyumba ina kisima, pima umbali kabla ya kujenga. Mita 30 kati ya choo na kisima ndicho kiasi kinachoshauriwa sana, na ukiweza kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Hili liulizwe kabla ya rangi ya mapazia. Wazazi wa pande zote mbili wakikutana kuzungumzia nyumba ya maharusi, si utovu wa adabu mwari kuuliza kupitia somo wake: kisima kiko wapi, na choo kiko wapi?

Jambo la mwisho ni jirani. Uzio unaokusitiri wewe usimwagie yeye maji machafu, moshi wala kelele za pampu alfajiri. Dini yetu haikubali mtu kudhuru wala kudhuriana, na haki ya jirani imesisitizwa kwa mkazo mkubwa. Ukuta mmoja unaweza kuwatosheleza wawili, kama ule wa Pujini: kila mmoja na njia yake, na maji yale yale.

Allah azitie baraka nyumba za maharusi wetu, azijaalie maji safi, sitara na masikilizano. Amin.